Mwenye Panga Anunue Kisu Gani?

Mvua za masika ya 2024 ziliwahamisha watu wengi nchini Kenya na Tanzania, wengine usiku, na kilichoondoka nao ni kile walichoweza kukibeba mkononi. Miezi michache kabla yake, Desemba 2023, tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuuvamia mji wa Katesh bila kumpa mtu nafasi ya kuchagua cha kuokoa. Matukio ya aina hiyo ndiyo yanayoupa maana mkoba wa dharura: begi moja lililopangwa mapema, lenye maji, tochi, dawa, nakala za vyeti, chaja ya simu na nguo ya kujifunika. Katika orodha nyingi za begi hilo kuna neno moja fupi: kisu. Kisu gani, orodha haisemi. Hapo mnunuzi anaachwa mikononi mwa muuzaji.

Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu kisu hicho umeandikwa Marekani na Ulaya. Unamfikiria mtu aliyepotea msituni wakati wa baridi, mwenye kisu kimoja tu cha kufanyia kila kazi: kukata kamba, kupasua magogo, kuangusha miti ya kibanda. Mtu huyo ana haki ya kutaka kisu kinene na kizito. Lakini nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mijini hata vijijini, tayari zina panga. Panga limeshazichukua kazi nzito zote, tena linazifanya vizuri kuliko kisu chochote cha bei yoyote. Kwa hiyo swali letu ni jingine kabisa: baada ya panga, kuna upungufu gani ambao kisu kidogo kinaweza kuuziba, na kwa bei gani?

Jibu la uchambuzi huu ni kwamba kisu cha mkoba kiwe kifupi, chembamba, kisichokunjwa, na pesa yote iende kwenye mambo matatu tu: pale bapa linapoungana na mpini, aina ya chuma, na ala. Mengine ni mapambo. Na kwa sababu kisu hiki kitalala begini muda mrefu kuliko kitakavyofanya kazi, tukipime pia kwa namna kinavyolala.

Kazi zake hasa

Aliyehamia kwa muda kwenye darasa la shule au chini ya turubai atakitumia kisu kukatia kamba. Atafungulia mfuko wa unga, atakata dumu la plastiki lipate kuwa beseni, atachana kanga kuukuu apate kitambaa cha kufungia jeraha. Atamenya viazi na kupara samaki. Kuni zikilowa, atazichonga: kuni iliyoloa nje mara nyingi ni kavu ndani, na vibanzi vyembamba vya moyo wake hushika moto pale gamba lake linapofuka moshi tu. Kazi zote hizo zinadai makali. Hakuna inayodai uzito.

Kwa kazi za namna hiyo bapa la sentimita 9 hadi 12 linatosha, na unene wa milimita 2 hadi 3 mgongoni. Kisu cha jikoni chenye unene wa milimita moja au moja na nusu hukata chakula vizuri zaidi, ila ukikipinda kwenye fundo la mti kinaweza kuvunjika. Visu vinavyouzwa kwa sura ya kijeshi, vyenye unene wa milimita 5 au 6, vina kasoro ya upande wa pili. Bapa lake limekuwa kabari. Ukilisukuma kwenye kiazi, kiazi hupasuka kabla hakijakatika. Anayenunua unene huo ananunua uwezo wa kupasua magogo, na uwezo huo anao tayari, umening'inia nyuma ya mlango.

Kuna kazi moja ambayo kisu hakifai ingawa wengi hukipa. Kumkatia majeruhi nguo, au kumkata mtu mkanda wa gari akiwa ameufunga, ni kazi ya mkasi wa huduma ya kwanza, ule wenye mdomo uliopinda na ncha butu. Ncha ya kisu karibu na mwili wa mtu anayetetemeka ni jeraha la pili. Mkasi huo si ghali, nao ukae begini kando ya bendeji.

Kwa nini kisiwe cha kukunja

Kisu cha kukunja kinapendeza mfukoni, lakini kina bawaba, na mchanga na tope ni adui wa bawaba. Uchafu ukiingia kwenye kiungo, kisu hukataa kufunguka. La hatari zaidi, kufuli likishindwa kushika, bapa hujifunga juu ya vidole vya aliyekishika. Kisu kisichokunjwa hakina kitu cha kusogea. Unakisuuza, unakifuta, unaendelea.

Ipo pia hoja ya bei, ambayo wanunuzi wengi huipita. Bawaba iliyonyooka na kufuli lisiloteleza ni kazi ya usahihi, na usahihi hulipiwa. Visu viwili vya bei ileile vikiwekwa mezani, cha kukunja kimegawa pesa yake kati ya chuma na mitambo, na kisichokunjwa kimeiweka karibu yote kwenye chuma na mpini. Ndiyo maana kwa mwenye pesa kidogo kisichokunjwa huwa kisu bora, na kadiri bei inavyoshuka ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa.

Pale bapa linapokutana na mpini

Chuma cha bapa hakiishii mpini unapoanzia. Kina mkia unaoingia ndani, na mkia huo ndio unaoamua kama kisu kitadumu. Kuna mikia ya aina tatu sokoni.

Ya kwanza ni mkia mpana unaofika hadi mwisho wa mpini, na kingo zake huonekana juu na chini kati ya vipande viwili vya mbao au plastiki vilivyobanwa kwa ribiti. Huu ndio imara kuliko yote, na mnunuzi anaweza kuukagua kwa macho. Ya pili ni mkia mwembamba uliofichwa ndani ya mpini wa plastiki iliyomiminwa juu yake. Hauonekani, lakini ukitengenezwa vizuri unatosha kabisa kwa kazi tulizozitaja. Ya tatu ni kipande kifupi cha chuma kilichofungwa kwa skrubu au kubandikwa kwenye mpini wenye uwazi ndani.

Hiyo ya tatu ina historia. Mwaka 1982 ilitoka filamu ya First Blood, ambamo Sylvester Stallone, akiwa Rambo, anabeba kisu kikubwa chenye meno ya msumeno mgongoni na mpini wa bomba wa kuhifadhia vitu. Kisu cha filamu kilitengenezwa na fundi wa Arkansas, Jimmy Lile, aliyejua alichokuwa akifanya. Walioiga sura yake kwa bei ya chini hawakuiga kazi yake. Hadi leo visu vya mtindo huo vinauzwa vikiwa na dira kwenye kifuniko cha mpini, uzi na ndoano ndani yake, na bapa lililoshikwa kwa skrubu moja. Kwa macho ni kisu cha dharura kuliko vyote; kwa matumizi ni cha kwanza kuachana na mpini wake. Dira, uzi na ndoano vinunuliwe mbali, kama vinahitajika.

Dukani ukaguzi wake ni rahisi. Kishike mpini, gonga mgongo wa bapa taratibu juu ya mbao, kisha sikiliza na uhisi kama kuna kinachocheza. Tazama mstari ambapo bapa linaingia kwenye mpini: ufa wowote hapo utakuwa mlango wa maji, na kutu itaanzia mahali usipopaona. Halafu shika kisu kama unayekata kwa kusukuma. Lazima kuwe na kitu cha kuzuia vidole visiteleze kwenye makali mkono ukiwa na maji au mafuta. Chaweza kuwa kinga ndogo ya mpini, au, kama kwenye visu vingi vya jikoni, kisigino cha bapa kinachoshuka chini kuliko mpini.

Mfano mzuri wa unafuu unaotokana na kuacha mapambo ni kisu cha Companion cha Morakniv. Eneo la Mora nchini Uswidi limetengeneza visu tangu karne ya 17, na kiwanda cha Frosts, mmoja wa wazazi wa kampuni ya leo, kilianzishwa mwaka 1891. Companion ina bapa la milimita 104 hivi, unene wa milimita 2.5, mkia uliofichwa, mpini wa plastiki na mpira, na ala ya plastiki. Huko Ulaya na Marekani huuzwa kwa bei ya chini kuliko visu vingi vya aina yake, na mafundi wa ujenzi hukitumia kila siku. Kwa anayeishi ughaibuni, au mwenye ndugu anayerudi likizo, ni chaguo la kufikiria. Kwa aliye Morogoro au Kisumu, gharama ya kukiagiza yaweza kulifuta jina lake zuri, na ni heri akijifunze kama kipimo: hivi ndivyo kisu cha bei nafuu kinavyopaswa kuwa, kisha atafute kinachofanana nacho karibu.

Kukisoma chuma

Chuma cha kisu ni chuma kilichoongezwa kaboni. Kaboni ndiyo inayokiwezesha kuwa kigumu kinapopashwa moto mkali na kupozwa ghafla. Ikiwa kidogo mno, makali hayakai; ndiyo sababu nondo ya ujenzi, ambayo kwa kawaida ina kaboni kidogo, haitoi kisu cha maana hata fundi akiifua vipi. Kikiongezwa pia kromiamu, kuanzia kama asilimia 10.5, chuma hujijengea utando mwembamba usioonekana unaozuia kutu, nacho huitwa stenlesi. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, ambaye jina lake hutajwa sana katika historia ya chuma hiki, alikipata mwaka 1913, na visu vya mezani vilikuwa miongoni mwa matumizi yake ya mwanzo.

Maneno «Stainless Steel» yakiwa peke yake bapani hayakwambii kitu, kwa kuwa hata kijiko ni stenlesi. Kinachosema kitu ni namba, na namba hizo zinasomeka. Katika visu vingi vya China utakuta maandishi kama 3Cr13 au 8Cr13MoV. Tarakimu ya mwanzo ni kaboni kwa sehemu za kumi za asilimia, na namba inayofuata Cr ni asilimia ya kromiamu. Kwa hiyo cha kwanza kina kaboni ya 0.3 hivi, ni laini na kitabutuka upesi. Cha pili kina 0.8 hivi, makali yake yatakaa. Kwenye visu vya jikoni vya Kijerumani kuna X50CrMoV15: kaboni 0.50, kromiamu 15. Chuma cha Kiswidi 12C27, kinachotumika kwenye Companion ya stenlesi, hakisomeki kwa mtindo huo, lakini kina kaboni ya 0.6 na kromiamu ya 13.5. Upande wa vyuma visivyo stenlesi, 1095 ya Kimarekani ina kaboni ya 0.95, na 65Mn ya Kichina ina 0.65 pamoja na manganizi.

Ukikosa namba, tumia sumaku. Sumaku ya spika mbovu inatosha. Stenlesi ya vijiko na sufuria nyingi haivutwi, au huvutwa kwa shida, na chuma cha namna hiyo hakiwezi kukomazwa kwa moto. Bapa ambalo sumaku inalikwepa si la kisu cha kazi. Sumaku ikishika hujathibitisha kuwa kisu ni kizuri, ila umeshakiondoa kibaya kabisa.

Kaboni nyingi, hata hivyo, si ubora wakati wote. Chuma kigumu sana hukaa na makali muda mrefu, na kikibutuka kinadai jiwe maalumu la kunolea. Mtu aliye kambini hana jiwe maalumu. Kwake kinafaa zaidi chuma cha wastani, chenye kaboni ya 0.5 hadi 0.7, ambacho kitabutuka mapema kidogo lakini kitarudishiwa makali kwa msasa namba 400 kisha 1000 uliozungushwa kwenye kipande cha mbao bapa, au kwa ile duara ya chini ya kikombe cha kauri isiyopakwa mng'ao. Bapa liinuliwe kama nyuzi 20 kutoka kwenye kinoleo, kila upande kwa zamu. Tupa iachiwe panga.

Mahali unapoishi pia pana neno. Kuanzia Lamu hadi Mtwara, Unguja, Pemba na Mafia, hewa ina chumvi, na chuma kisicho stenlesi kitaota madoa ndani ya begi hata kabla hakijatumika. Pwani nunua stenlesi, na hata hiyo isuuzwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi ikishaguswa na maji ya bahari. Iringa, Arusha au Nakuru, chuma cha kaboni kinaweza kulala salama kikipakwa mafuta.

Kisu cha fundi

Kamukunji na Gikomba jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam, na karibu kila mji wenye gereji za malori, kuna mafundi wanaofua visu kutokana na springi za magari. Malighafi hiyo si takataka. Springi ya bapa ya lori imetengenezwa ipinde na kurudi mara nyingi sana bila kuvunjika, na kwa kawaida kaboni yake iko pale pale tunapopataka, karibu na 0.6. Mafundi wa sime wamelijua hilo kwa muda mrefu. Springi na tupa kuukuu zimekuwa chanzo chao cha chuma bora.

Tatizo la kisu cha fundi ni moto. Kukomaza kuna hatua mbili. Bapa hupashwa hadi liwe jekundu linaloelekea rangi ya chungwa, kiasi ambacho sumaku hailishiki tena, kisha huzamishwa kwenye mafuta. Likitoka hapo ni gumu na linavunjika kirahisi, kwa hiyo lazima lipashwe tena kwa upole, kwenye nyuzi 200 na kidogo za Selsiasi, hadi sehemu iliyong'arishwa ipate rangi ya nyasi kavu. Fundi akiruka hatua ya kwanza utapata kisu laini. Akiruka ya pili, kitamegeka makali. Na akilinoa bapa kwa mashine hadi likageuka rangi ya bluu, ameuondoa ugumu aliousumbukia.

Mnunuzi amuulize fundi mambo matatu: chuma hiki umekitoa wapi, umekizimisha kwenye nini, na umekirudisha motoni baada ya kukizimisha? Mwenye kuijua kazi atajibu bila kusita, tena kwa furaha. Kisha omba kupima. Tupa ikipitishwa kwenye kisigino cha makali iteleze au iume kidogo tu. Ikila chuma kwa urahisi, bapa halikukomazwa. Ncha ikibanwa kidogo kwenye mbao, bapa lipinde na kunyooka lenyewe. Likibaki limepinda, ni laini. Kisu kitakachofaulu hapo kitakuwa chuma bora kuliko visu vingi vya dukani vya bei hiyo. Upungufu wake utakuwa mmoja: si stenlesi, kwa hiyo kinadai matunzo.

Ala, na miaka ya kulala

Ala ndiyo sehemu ambayo mnunuzi huitazama mwisho, ilhali ndiyo inayoamua hali ya kisu siku kitakapohitajika. Ala ya ngozi ni nzuri kwa kisu kinachovaliwa kila siku na kupata hewa. Ndani ya begi lililofungwa, ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia dhidi ya chuma, na dawa zilizotumika kuitengeneza zinaweza kuharakisha kutu. Kwa kisu cha mkoba, plastiki ngumu yenye tundu chini la kutolea maji ndiyo sahihi. Igeuze juu chini na uitikise: kisu kisidondoke.

Kisu kikija bila ala, kama vilivyo vya jikoni na vingi vya mafundi, ala inaweza kutengenezwa nyumbani kwa kipande cha bomba jembamba la PVC. Likae kwenye maji yanayochemka hadi lilainike, libanwe kati ya mbao mbili kufuata upana wa bapa, lipoe, kisha ncha ifungwe kwa kulikunja. Lisipashwe kwa moto wa wazi, kwa sababu PVC ikiungua hutoa moshi wenye sumu.

Kabla ya kukilaza, kioshe kisu, kikaushe kabisa, kipakwe mafuta ya mgando kwa kidole, tabaka jembamba tu. Mafuta ya kupikia hayafai: hukaa yakawa gundi. Majira yenyewe yanatupa kalenda ya ukaguzi. Masika inapokaribia, na vuli inapokaribia, begi lifunguliwe, maji na dawa vibadilishwe, na kisu kijaribiwe kwenye ukingo wa karatasi.

Macho ya watu na ya sheria

Kisu cha begini kitaonekana na watu wengine: askari kwenye kizuizi, wasimamizi wa kituo cha waliohamishwa, majirani wenye hofu. Kisu cheusi chenye makali pande mbili kitaleta maswali ambayo kisu chenye sura ya jikoni hakileti. Mahali pengi, kutembea hadharani na kisu bila sababu ya msingi kunaweza kuhesabiwa kuwa kosa. Waswahili walioko Uingereza wazingatie kwamba sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kubeba hadharani kisu kidogo cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Kisichokunjwa, au cha kukunja chenye kufuli, kinahitaji sababu halali. Basi begi likae nyumbani, kisu kiwe chini ya vitu vingine, ndani ya ala, mbali na watoto. Na kwenye ndege kisiingie kwenye mzigo wa mkononi.

Uamuzi kwa kadiri ya mfuko

Asiye na pesa ya ziada achukue kisu imara kuliko vyote jikoni mwake, akitengenezee ala ya PVC, amalize. Mwenye pesa kidogo aliye bara aende kwa fundi na maswali yake matatu. Mwenye pesa kidogo aliye pwani atafute kisu kifupi cha wachinjaji cha stenlesi, chenye namba inayosomeka na mpini wa plastiki uliomiminwa. Anayeweza kuletewa kutoka nje aagize kisu cha mtindo wa Companion, asiongeze pesa kwa ajili ya rangi, dira wala meno ya msumeno.

Wote wanne watakuwa na kisu kinachofaa, na tofauti kati yao itakuwa ndogo kuliko tangazo lolote linavyodai. Kwa hiyo bei ya kisu isizidi bei ya tochi na betri zake. Kamba inaweza kufunguliwa kwa vidole au kuchomwa kwa kiberiti. Njia iliyofurika haionekani gizani kwa kisu cha bei yoyote.